MASHINE ZA KUPEMBUA TAKA: Kitale na Bungoma zitafaidika vipi?

KATIKA jaa la Machinjoni mjini Kitale, kazi ya kutenganisha chupa, vyuma na karatasi na uchafu mwingine hufanywa kwa mikono. Ndivyo ilivyo pia mjini Bungoma na katika miji mingi ya humu nchini.

Kwingineko ulimwenguni, kazi iyo hiyo imeanza kukabidhiwa mashine zenye macho ya kamera, akili ya kompyuta na mikono ya chuma. Mashine hizo hutambua kilicho mbele yake, zikakiokota na kukitupa katika chombo chake, tena bila kuchoka.

Uhodari wa mitambo hii hauna ubishi. Linalosalia kwa kaunti za Trans Nzoia na Bungoma ni kujua iwapo taka zao ziko katika hali ya kupembuliwa na mashine, na jinsi wale wanaoishi kwa kuokota taka watakavyolinda riziki zao siku mitambo itakapofika.

Makala haya yanaeleza jinsi mitambo hiyo inavyofanya kazi, ilikotoka, sheria za Kenya zinavyosema, na mahali ambapo miji hii miwili inaweza kuanzia.

Si kazi ngeni

Kupembua si jambo geni kwa wakazi wa maeneo haya ya wakulima. Mama anayepepeta mahindi kwa ungo hutenganisha punje na makapi kwa kutumia uzito na upepo. Anayechagua maharagwe hutumia macho na vidole.

Viwandani, mashine zenye kamera zimekuwa zikichambua mchele na kahawa kwa miaka mingi. Punje yenye rangi isiyofaa hupulizwa kwa hewa kali na kutolewa kundini kabla haijafika mwisho wa mkondo.

Mashine ya taka hufuata kanuni hizo hizo. Tofauti ni kwamba punje za mchele hufanana, ilhali taka hazifanani. Chupa moja huwa nzima, nyingine imekanyagwa na gari, ya tatu imejaa matope, na ya nne imejificha ndani ya mfuko wa mkate. Kwa sababu hiyo, kupembua taka kulichelewa kukabidhiwa mashine.

Jinsi mtambo unavyoona

Katika kituo cha kisasa, taka humwagwa kwanza katika chekecheke kubwa la mviringo linalozunguka. Mchanga, majivu na vipande vidogo huanguka chini, na vitu vikubwa husonga mbele.

Baada ya hapo sumaku hunasa vyuma. Mikebe ya alumini, ambayo sumaku ya kawaida haiwezi kuinasa, hupitishwa juu ya sumaku inayozunguka kwa kasi. Mzunguko huo huzalisha umeme ndani ya mkebe wenyewe, nao hurushwa kando.

Plastiki huhitaji jicho la aina nyingine. Macho ya binadamu hayawezi kutambua kwa hakika iwapo kipande fulani cha plastiki ni cha aina inayotengeneza chupa za maji au ile ya jerikeni za mafuta. Mtambo humulika kipande hicho kwa miali ya infraredi, ambayo binadamu haioni, kisha hupima miali inayorudi. Kila aina ya plastiki hurudisha miali hiyo kwa namna yake.

Hata jicho hilo lina upofu wake. Plastiki nyeusi iliyotiwa rangi ya masizi humeza miali na kurudisha kidogo mno, hivyo mtambo huipita kana kwamba haipo.

Hapa ndipo akili unde, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita akili mnemba, ilipoingia. Badala ya kupima miali peke yake, kompyuta hufunzwa kwa kuonyeshwa maelfu ya picha ambazo binadamu ameziwekea majina: hii ni chupa, huu ni mkebe, hili ni boksi. Baada ya mafunzo hayo, kompyuta huweza kutambua chupa ambayo haijawahi kuiona, hata ikiwa imebonyea au imefunikwa nusu.

Mojawapo ya mikusanyo ya picha inayotajwa sana katika utafiti huu ilitayarishwa na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 2016. Ina picha 2,527 zilizogawanywa katika makundi sita: kioo, karatasi, maboksi, plastiki, metali na takataka nyinginezo.

Picha hizo ni za taka za Marekani, tena zilizopigwa moja moja juu ya kitu cheupe. Kompyuta iliyofunzwa kwa picha kama hizo, ikiletwa katika soko la Chepkube mjini Bungoma, itakutana na magunzi ya mahindi, maganda ya miwa, majani ya migomba na pakiti za maziwa zilizoloa. Itababaika mfano wa mgeni aliyeshushwa katika mji asioujua.

Mkono wa chuma

Kompyuta ikishatambua kitu, huutumia ujumbe mkono wa roboti uliosimama juu ya ukanda unaosogea. Mingi ya mikono hiyo hunyonya kitu kwa kikombe cha mpira, kukiinua na kukiachilia panapofaa. Ile ya vitu vizito, kama mbao na mawe ya majengo yaliyobomolewa, hutumia koleo.

Watengenezaji husema roboti moja inaweza kuokota vitu 70 hadi 80 kwa dakika. Binadamu mzoefu hukadiriwa kuokota kati ya 30 na 40.

Kikombe cha kunyonya, hata hivyo, hakipendi unyevu wala matope. Chupa yenye utelezi huponyoka, na mfuko laini hukunjamana. Isitoshe, betri za simu zinazotupwa ovyo zinapopondwa ndani ya mitambo huweza kulipuka, na zimewahi kuteketeza vituo vya taka katika nchi zilizoendelea.

Ilivyoanza

Kampuni ya ZenRobotics ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 2007, ni miongoni mwa waasisi wa roboti za kupembua taka. Ilianza na taka za ujenzi. Mwaka 2022 ilinunuliwa na kampuni ya Terex ya Marekani.

Nchini Marekani kwenyewe, Matanya Horowitz alianzisha kampuni ya AMP Robotics katika jimbo la Colorado mwaka 2014, ambayo ililenga taka za majumbani.

Kilichoharakisha mambo ni uamuzi wa China. Kwa miaka mingi nchi tajiri zilikuwa zikisafirisha karatasi na plastiki zao chakavu hadi huko. Kuanzia Januari 1, 2018, China ilipiga marufuku aina 24 za taka kutoka nje. Miezi miwili baadaye ikaamuru kuwa shehena nyingi zilizosalia zisiwe na uchafu unaozidi asilimia 0.5.

Kiwango hicho kilikuwa vigumu kufikiwa kwa mikono, nao wafanyakazi wa kazi hiyo walikuwa wachache na ghali. Vituo vya Ulaya na Marekani vikakimbilia mashine.

Ni vyema msomaji azingatie sababu hizo. Roboti zilizaliwa mahali ambapo mfanyakazi ni ghali na taka zilizokauka hutenganishwa tangu nyumbani. Katika miji ya Kenya mambo hayo mawili yamegeuka kinyume.

Hesabu ya Kitale

Sera ya serikali kuhusu taka hukadiria kuwa kila Mkenya huzalisha wastani wa nusu kilo ya taka kwa siku, na kwamba asilimia 60 au zaidi ya taka hizo ni mabaki yanayooza. Asilimia 30 hivi ni vitu vinavyoweza kutumiwa upya, na asilimia 10 iliyosalia ni vinginevyo.

Sensa ya mwaka 2019 ilipata wakazi 162,174 mjini Kitale. Kwa kipimo hicho cha kitaifa, mji huo ungezalisha takriban tani 81 kwa siku. Kati ya hizo, tani 49 hivi zingekuwa maganda, majani na mabaki ya chakula, na tani 24 zingekuwa plastiki, karatasi, vioo na vyuma.

Sasa tazama mashine. Chupa tupu ya plastiki ya nusu lita ina uzito wa karibu gramu 20, hivyo inahitajika mizigo ya chupa 50,000 kutimiza tani moja. Roboti inayookota vitu 70 kwa dakika itahitaji takriban saa 12 kuzimaliza, bila kukosea na bila ukanda kusimama.

Mtu anayeokota chupa 35 kwa dakika angehitaji saa 24. Kwa maneno mengine, roboti moja hufanya kazi ya watu wawili ambao hawapumziki. Bei yake huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, kabla ya umeme, vipuri na fundi.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo jingine la maana zaidi. Zaidi ya nusu ya mzigo wa mji ni vitu ambavyo roboti haina haja navyo. Maganda na majani hayaokotwi kimoja kimoja. Hutengenezwa mbolea au gesi. Yakichanganywa na karatasi na chupa, huviharibu vyote viwili: karatasi huloa na kukosa mnunuzi, nayo mbolea hujaa vigae na vipande vya plastiki.

Kwa Trans Nzoia, kaunti inayotajwa miongoni mwa maghala ya chakula nchini, mbolea safi ni mali. Kwa sababu hiyo mpembuzi wa kwanza na wa maana kuliko wote ni yule aliye jikoni, mwenye ndoo mbili badala ya moja. Samaki mkunje angali mbichi, na taka nazo hutenganishwa zingali mlangoni.

Sheria inasemaje

Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzoa taka na kusimamia majaa. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama.

Agosti 28, 2017, Kenya ilianza kutekeleza marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Anayeitengeneza au kuiingiza nchini anaweza kutozwa faini ya hadi Sh4 milioni au kifungo cha hadi miaka minne. Mifuko ya kufungia bidhaa viwandani, kama ile ya mkate, haikuguswa, na ndiyo maana ingali inaonekana majaani.

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 ilipiga hatua zaidi. Inazitaka taasisi za umma na za kibinafsi kutenganisha taka zinazooza na zisizooza katika vyombo vyenye rangi na maandishi ya kuvitambulisha. Aidha, inazitaka kaunti kuanzisha vituo vya kupembulia taka ili vitu vya thamani viokolewe kabla ya mabaki kutupwa.

Kanuni zilizochapishwa mwaka 2024 chini ya sheria hiyo zinamtwika mtengenezaji na mwagizaji wa bidhaa mzigo wa kugharimia taka zitokanazo na bidhaa zake. Huenda hicho ndicho chemchemi pekee cha fedha ambacho kaunti ndogo inaweza kutegemea kujenga kituo chenye mashine.

Hatari ya kuacha majaa yaendelee kurundikana ilidhihirika katika nchi jirani ya Uganda. Agosti 2024, rundo la taka la Kiteezi, nje kidogo ya jiji la Kampala, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30.

Mto mmoja, kaunti mbili

Kuna sababu nyingine ya Kitale na Bungoma kutazamwa pamoja. Maji ya Trans Nzoia huingia katika Mto Nzoia, ambao hupitia Webuye katika Kaunti ya Bungoma kabla ya kuelekea Budalangi na Ziwa Victoria. Chupa inayotupwa mtaroni upande wa juu huwa mzigo wa jirani upande wa chini.

Webuye pia ina funzo lake. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilichoanza uzalishaji katika miaka ya sabini kilikuwa fahari ya eneo la magharibi. Kilifungwa mwaka 2009 kikiwa kimeelemewa na madeni, na mwaka 2016 kikaanza kufufuliwa chini ya wamiliki wapya.

Mitambo mikubwa haikukiokoa kiwanda hicho. Mtambo wowote huishi kwa umeme unaolipiwa, vipuri vinavyopatikana na soko la bidhaa zake. Kituo cha kupembulia taka kitakachojengwa bila mnunuzi wa chupa na karatasi kitajaa bidhaa zilizopangwa vizuri, zisizo na mahali pa kwenda.

Kwa kuwa miji hii miwili ni midogo, si rahisi kila mmoja kuzalisha mzigo wa kutosha kuifanya mashine ghali iwe na kazi mchana kutwa. Kituo kimoja cha pamoja kwa kaunti zote mbili kingekuwa na hesabu bora zaidi.

Riziki ya waokotaji

Waokotaji taka ndio walio na mengi ya kupoteza. Bila mshahara wala bima, hao ndio wanaookoa sehemu kubwa ya plastiki na vyuma vinavyotumiwa upya humu nchini. Hufanya hivyo wakikabiliwa na vioo vilivyovunjika, sindano za hospitali na moshi.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana wazi Januari 2022, serikali ilipositisha biashara ya vyuma vikuukuu kufuatia uharibifu wa nguzo za umeme. Marufuku hayo yaliondolewa baada ya miezi michache, lakini wakati huo wote waliotegemea kuokota vyuma walikosa pa kuviuza.

Mashine ikiletwa kwa pupa inaweza kufanya jambo kama hilo kwa namna ya kudumu. Jaa likifungwa na kituo chenye ua na roboti kujengwa, anayeishi kwa chupa anazookota leo atasimama nje ya lango.

Mifano ya kuepuka hayo ipo. Katika jiji la Pune nchini India, waokotaji waliunda chama cha ushirika kiitwacho SWaCH, ambacho mwaka 2008 kilitia saini mkataba na manispaa. Wanachama huzoa taka mlango kwa mlango, huzipembua na kuuza zile zenye thamani, huku kila nyumba ikiwalipa ada.

Katika mazungumzo ya Umoja wa Mataifa kuhusu mkataba wa plastiki, Kenya na Afrika Kusini zilikuwa mstari wa mbele kutetea haki za waokotaji. Mazungumzo hayo yalivunjika mjini Geneva Agosti 2025 bila mwafaka. Hata hivyo, hakuna kinachoizuia nchi iliyowatetea waokotaji ughaibuni kuwatendea haki nyumbani.

Jicho kabla ya mkono

Akili unde si lazima ije na roboti. Sehemu iliyo ghali ni mkono. Jicho ni kamera na kompyuta, na bei yake ni nafuu. Kamera iliyowekwa juu ya ukanda, au hata juu ya meza ya kupembulia, inaweza kuhesabu kiasi cha chupa, karatasi na maganda kinachopita kila siku, huku mikono ikibaki ya binadamu.

Takwimu hizo ndizo ambazo manispaa nyingi hazina. Zingeonyesha mtaa upi unatenganisha taka vyema, soko lipi linahitaji mapipa zaidi, na bidhaa za mtengenezaji yupi zinajaa mitaroni ili alipie kama kanuni za mwaka 2024 zinavyotaka.

Kazi ya kuifunza kompyuta hiyo inaweza kufanyiwa papa hapa. Chuo Kikuu cha Kibabii mjini Bungoma kinafundisha masomo ya kompyuta, na Kitale ina chuo chake cha kitaifa cha kiufundi. Vijana wengi jijini Nairobi wamekuwa wakizipa majina picha za kufunzia kompyuta za kampuni za ng'ambo. Picha za taka za Chepkube na Machinjoni zinahitaji kazi iyo hiyo.

Katika kazi hiyo mwokotaji ni mwalimu. Anayeshika plastiki kila siku hutambua kwa mlio na mkunjo ni aina gani na ni mnunuzi yupi atakayeitaka. Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025-2030, uliozinduliwa Machi 2025, unahimiza data na ubunifu wa humu nchini, na maarifa ya aina hii ni sehemu ya data hiyo.

Kwa mpangilio huo, hatua zingefuatana hivi: ndoo mbili nyumbani na sokoni, uzoaji usiochanganya tena kilichotenganishwa, kituo chenye paa, meza, glavu na mizani, kikiendeshwa na waokotaji waliosajiliwa, kamera ya kuhesabu, kisha, mzigo ukiongezeka na soko likiwa la uhakika, mkono wa roboti kwa kazi zilizo hatari zaidi kwa binadamu.

Kaunti itakayoanzia mwisho wa orodha hiyo itanunua mashine ya kuokota maganda yaliyooza. Itakayoanzia mwanzo itapata mbolea, chupa safi na mitaro inayopitisha maji, hata kabla ya roboti ya kwanza kufikishwa.